Kisima cha bibi kimeingia chumvi

Jumapili nilikua Mombasa kwa bibi, akanipa chai, nikaonja tu nikajua hii si ile ya siku zote, maziwa yamekatika alafu kuna munyu unabaki kwa ulimi. Namuuliza bibi kulikoni, akaniambia maji ya mkokoteni yamemuishia toka jana, ikabidi ateke kisimani, na siku hizi bahari ikiwa bamvua, ile ya kujaa sana, maji ya kisima hayanyweki kabisa, yakiwa maji mafu, bahari haijai sana, angalau unavumilia.

Hicho kisima ndo kimetulea. Babu alikichimba kwa mkono ndani ya matumbawe, na maji yake yalikua baridi mpaka majirani wanakuja na mitungi. Saa hii sabuni haitoi povu, na kamba ya ndoo ikikauka inakua nyeupe, ukiipangusa chumvi inabaki mkononi. Iliniuma sana.

Watu wakisikia bahari inapanda wanafikiria mawimbi yaingie sebuleni, kumbe huku inaanza chini kwa chini. Maji matamu ni mepesi, yanakaa juu ya yale ya chumvi ndani ya mwamba, sasa bahari ikipanda ile chumvi nayo inasukumwa juu, na sisi wenyewe kila ploti tumeweka kisima cha pampu tunanyonya ya juu mchana na usiku, kwa hivyo makosa si ya bahari peke yake, lazima tuseme ukweli. Duniani bahari imepanda kama sentimita 20 tangu 1901. Na kuna wataalamu walikadiria ikipanda sentimita 30 tu, karibu asilimia 17 ya Mombasa inaweza kuzama.

Fort Jesus imejengewa ukuta upande wa bahari kwa sababu mawimbi yalikua yanakula mwamba chini yake, na mimi naunga mkono, ngome imesimama tangu miaka ya 1590 haifai tuiachie hivi hivi. Lakini ukuta haumsaidii bibi. Matumbawe yana vitundu kama sifongo, maji yanapita humo humo ndani.

Tumekubaliana na binamu zangu tumuekee tangi na gata kwa bati kabla ya masika. Bibi mwenyewe hataki kisima kifunikwe, kila asubuhi anateka ndoo moja, anatia kidole, anaonja. Ijumaa nampelekea mitungi minne.