Kanga ya mkopo, na bei ya wazo

Wiki hii nimetuma picha ambayo naipenda kuliko nyingi nilizochora mwaka huu na nataka niiandike sasa hivi kabla sijaanza nyingine, maana kazi mpya ikishaingia kichwani ile ya nyuma inafutika, unabaki na faili tu kwenye laptopu na hukumbuki tena ilikujaje.

Makala ni ya jarida moja la hapa Dar, inahusu mikopo kausha damu, ile ya kwenye simu, unapakua programu, unakubali kila kinachokuja mbele yako bila kusoma, pesa inaingia dakika hiyohiyo, alafu ukichelewa kidogo tu kurudisha wanaanza kutuma meseji kwa watu waliomo kwenye simu yako. Ndugu, jirani, bosi, yeyote yule. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha hivo bila leseni, na mwandishi wa makala ameeleza vizuri sana riba inavyopigwa na makato yanayokatwa kabla pesa haijakufikia. Ndani yake kuna mama mmoja mwenye genge Mbagala, meseji yake ilifika mpaka kwa mama mkwe na kwa mwalimu wa mtoto. Mi nilipewa kurasa mbili za mwanzo, zile mtu anazifungua kabla hajasoma hata mstari mmoja.

Sasa ukiambiwa kausha damu kichwa kinakimbilia wapi? Mbu. Kupe. Popo. Nilizichora zote kwenye daftari, na huwa nazichora makusudi, zile za kwanza lazima zitoke maana zisipotoka zinakaa palepale zinaziba njia. Ikaja ya simu iliyochomekwa chaja, waya wa chaja unaingia kwenye mkono wa mtu kama dripu, simu imejaa asilimia 100 na mtu rangi inamtoka kuanzia miguuni. Hiyo ilikuwa nzuri, nikaiweka pembeni kama chaguo la pili.

Alafu nikarudi kusoma. Yaani kama kuna kitu kimoja ningependa wadogo zangu wanaoingia kwenye hii kazi wakishike ni hicho, soma, soma tena, soma mpaka usikie mtu wa kwenye makala anaongea. Maana nilivorudia nikaona yule mama wa Mbagala pesa hajaizungumzia sana. Anazungumzia bombani. Anasema akienda kuchota maji asubuhi wenzake wananyamaza, akishajaza ndoo akageuka kuondoka ndo anasikia maneno yanaanza nyuma yake. Damu haimo kabisa kwenye maneno yake, iliyomo ni aibu, na aibu yenyewe imewekwa mgongoni, mahali ambapo mwenyewe hawezi kuiona lakini kila mtu anaisoma.

Mgongoni. Kitu gani kinaandikwa maneno kikavaliwa mgongoni?

Hapo nilisimama nikazunguka chumba kizima. Kanga! Jina la kanga linakaa chini pale katikati ya mji, yaani ile sehemu ya kati ya kitambaa, na pindo, mwanamke akijifunga linaangukia nyuma, anayetembea nyuma yake ndo anayesoma. Kwaiyo picha ikawa hii: mama ametupa mgongo, ndoo kichwani, anaondoka bombani, kanga yake nyekundu na nyeusi juu ya nyeupe, pindo lake kamili, korosho zake katikati, kila kitu kama kanga yoyote ya dukani Kariakoo, na pale penye jina pameandikwa kwa herufi kubwa zilezile za kanga, MWAMBIENI ALIPE. Kwenye foleni ya ndoo wanawake wenzake wote macho yameshuka usawa mmoja, usawa wa yale maandishi. Hakuna anayemwangalia yeye.

Mhariri aliipenda ila akataka nimshikishe yule mama simu mkononi ili watu waelewe. Nikamwambia kaka, hapana, naomba uniamini kwenye hili. Kwenye picha ya aina hii kitu kimoja tu ndo kinatakiwa kiende kombo, vingine vyote vikae sawasawa, tena sawasawa kweli, ndoo iwe na mkunjo wa ndoo, bomba livuje kama mabomba yetu yanavyovuja, mpaka macho ya msomaji yakifika kwenye kile kimoja yashtuke. Hata zile korosho nilishawishika kuzigeuza ziwe alama za shilingi nikajizuia, kwa sababu ukiharibu sehemu mbili msomaji anaacha kuamini kwamba ni kanga. Na simu ya nini wakati kichwa cha habari kinasema mikopo ya simu kwa herufi kubwa palepale juu? Picha na kichwa cha habari visiseme kitu kimoja, kimoja kiseme nusu na kingine kiseme nusu iliyobaki. Akanyamaza kidogo, akasema sawa dada, twende nayo.

Kilichonifanya nikae niandike haya lakini ni swali la kijana mmoja anayekuja kujifunza kwangu. Ameikodolea macho kwenye skrini weee, alafu akaniuliza, "Dada, hii umeichora kwa mda gani?" Nikamwambia mchana mmoja hivi mpaka jioni. Akashtuka. "Kwaiyo bei yote ile ni ya mchana mmoja?" Hakuuliza kwa ubaya, ni kijana mwenye adabu sana, ila ndivyo tulivyofundishwa wote, kwamba kazi ya mchoraji ni mkono, na mkono unapimwa kwa masaa, kama nywele za msusi.

Nikamwonyesha jalada la The New Yorker, jarida la Marekani, la tarehe 24 Septemba 2001. Nilikuwa nalo kwenye laptopu lakini hilo jalada kwenye skrini halionekani vizuri, ni jeusi tupu. Art Spiegelman ndo aliyelichora, na mke wake Françoise Mouly ndo mhariri wa sanaa wa lile jarida tangu 1993, wanaishi New York hukohuko, binti yao alikuwa shuleni karibu na ile minara miwili ya World Trade Center siku inaanguka, Septemba 11, na walikimbia kumfuata. Mouly aliona hakuna picha yoyote inayostahili kuwekwa juu ya jambo lile. Kilichopatikana mwisho ni minara miwili myeusi juu ya weusi. Waliongeza wino mweusi wa tano juu ya zile rangi nne za kawaida za uchapaji, na vanishi, kwaiyo ukilishika jarida kwa haraka unaona jalada jeusi, ukiligeuza kidogo kwenye mwanga minara inatokea, ipo na haipo. Na antena ya mnara wa kaskazini imepanda juu mpaka ikaikata ile herufi W ya jina la jarida. Nikamuuliza, mistatili miwili hiyo ingemchukua mtu mda gani kuichora? Akacheka, akasema dakika tano. Haya, ungemlipa ya dakika tano?

Haikuwa hivo siku zote, hata huko kwao. Norman Rockwell alichora majalada zaidi ya 300 ya jarida la The Saturday Evening Post kuanzia 1916, na mtu yule mkono alikuwa nao jamani, ukiangalia alivyochora soksi iliyoshuka ya mtoto unaweza kulia. Lakini picha zake zinaonyesha tukio, mtoto yuko kwa daktari, familia iko mezani. Zikaja kamera nzuri na televisheni, tukio likawa haliitaji tena mchoraji, na wachoraji wakalazimika kutafuta kile ambacho kamera haiwezi kukipiga. Deni, hofu, upweke, mfumuko wa bei. Tarehe 21 Septemba 1970 The New York Times walianzisha ukurasa wa maoni unaotazamana na ule wa tahariri, na picha zake zikaachwa zisimfuate mwandishi mstari kwa mstari. Alikuwepo mchoraji Brad Holland pale, jamaa hakusomea uchoraji chuo chochote, na msimamo wake toka zamani ulikuwa kwamba wazo la picha analeta yeye, asiletewe. Mi huwa namfikiria sana nikiwa nabishana na mhariri.

Sisi nasi tuna ukoo wetu, tusijifanye yatima. Mi nimejifunza kushika penseli kwa kunakili Ndumilakuwili na Madenge wa jarida la Sani, na Nairobi huko mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha Joe, jarida la mtu wa kawaida wa mjini anayehangaika na kodi ya nyumba, ukiyaona majalada yake leo bado yanakuongelesha. Gado ametoka hapahapa Dar akaenda gazeti la Nation la Kenya mwaka 1992 na kila mtu anamjua. Ila katuni ya Gado ni maoni ya Gado, anasimama kwa jina lake. Sisi tunaochorea makala tunabeba maneno ya mtu mwingine, tunatakiwa tuyafikishe bila kuyarudia na bila kuyasaliti, na hiyo kazi kwetu hapa bado haina heshima yake wala mstari wake kwenye bajeti.

Hapa naomba niseme kitu kinachoniuma. Kuna mteja mmoja, sitamtaja, alinipa makala ya wastaafu wanaofuatilia mafao. Nikamtumia skechi, wazo limekaa vizuri, mwenyewe akajibu kwa furaha kabisa, alafu kimya. Baada ya mda naiona picha imetoka, wazo ni langu lote, kiti kilekile, foleni ileile, kivuli cha yule mzee kilichokaa huku mwenyewe amesimama, ila amepewa mtu mwingine wa bei nafuu aimalizie. Nilivyopiga simu nikaambiwa lakini dada wewe hukuchora, ulituma skechi tu. Skechi tu! Aliyechora wala simlaumu, inawezekana hakujua chochote.

Watu wanasema wazo halina mwenyewe. Saul Steinberg alichora jalada la The New Yorker la tarehe 29 Machi 1976, dunia inavyoonekana kutoka 9th Avenue kule Manhattan, nusu nzima ya picha ni mitaa yake miwili, ukivuka mto Marekani yote iliyobaki imekuwa kipande kama cha uwanja wa mpira, alafu bahari, alafu kwa mbali China, Japani na Urusi kama vichuguu vitatu. Miji kibao imejichorea toleo lake. Lakini Columbia Pictures walipotoa posta ya filamu iliyofanana mno na picha yake alienda mahakamani hapohapo New York na mwaka 1987 akashinda. Kisheria wanachoangalia ni namna ulivyoliweka wazo kwenye karatasi, na skechi ni karatasi tayari. Kwaiyo siku hizi natuma skechi zikiwa na jina langu na tarehe, katikati ya picha, sio pembeni pa kukatwa.

Na hizi programu za akili bandia nazo zimefika, najua mtauliza. Mwaka 2022 jarida la Cosmopolitan walitoa jalada la mwanaanga wa kike lililotengenezwa na DALL-E 2, na juu yake wameandika kabisa kwamba limechukua sekunde 20 tu. Unaona wanachohesabu? Mkono uleule, sema wamempa mashine. Lakini mwanaanga yule hakujileta, msanii Karen X. Cheng ndo alikaa na wahariri wakitafuta maneno ya kuiambia ile programu, wakikataa hiki wakichagua kile. Sisemi haitatuumiza, imeshaanza kutuumiza, kuna wateja wa picha ndogondogo hawanipigii tena. Ila mashine haijawahi kusimama bombani Mbagala ikasikia watu wananyamaza, na nikiiambia mikopo kausha damu inanipa mbu, kila nikijaribu, mbu mzuri kabisa, mbu mwenye mwanga wa jua machweo mgongoni.

Kwaiyo nimebadilisha invoisi zangu. Mstari wa kwanza ni wazo, kusoma makala na skechi, na huo unalipwa hata kama kazi itafutwa njiani au picha isipotoka, kwa wenzetu wa Marekani na Ulaya hilo lipo siku nyingi, kazi ikifutwa mchoraji analipwa sehemu yake. Mstari wa pili ni kuchora. Na mstari wa kwanza nimeufanya mkubwa kuliko wa pili. Kijana wangu aliposoma akaniuliza wakikataa je, nikamwambia aandike na yeye hivohivo kwenye kazi yake ya kwanza ya kulipwa, maana wakizoea kwangu peke yangu hawajazoea. Mhariri wa kanga amelipa mistari yote miwili bila neno. Mwingine amesema mstari wa kwanza hauelewi, nimemweleza kwa simu, kwa upole, bado hauelewi, na makala yake nimemrudishia.