Nilivyopanda Kilimanjaro huku kichwa kinanikatalia

Kuna kitu mwongoza njia wetu alinifanyia juu ya kambi ya Kibo, saa tisa usiku, giza totoro, na mpaka leo nakiwaza nikiwa dukani. Ndo mana naandika. Mambo ya njia na ratiba wameshaeleza wengi, mi nitayapita haraka.

Mimi naishi Tabata, Dar, nauza duka la mtu. Tangu nilivyosema nataka kupanda mlima kila mtu alikuwa na sababu yake ya kunizuia. Mlima ni wa wazungu. Una mwili mkubwa wewe. Una mtoto mdogo. Ukizidiwa huko nani atakushusha? Na wanakwambia kwa upendo kabisa, ndo mana yanaingia. Hiyo ya wazungu ilikuwa inaniuma zaidi, maana Mjerumani Hans Meyer alivyopanda mwaka 1889 wengi wanamtaja Mchaga wa pale pale Marangu, mzee Yohani Kinyala Lauwo, kuwa ndo aliyemwongoza njia, na usiku wa Uhuru 1961 aliyepeleka bendera na Mwenge kileleni ni Luteni Alexander Nyirenda, sasa huo mlima wa wazungu unatoka wapi? Lakini hayo yote nayajua na bado nilikuwa naogopa, kila usiku kabla ya safari nalala nikitafuta kisingizio cha kughairi.

Moshi nilifika na basi la usiku, miguu imevimba. Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kabisa ukilinganisha na cha mgeni, hilo nashukuru, ila vifaa jamani! Viatu unakodi, fimbo unakodi, slipingi begi unakodi, na kila kimoja kinahesabiwa kwa siku, ukijumlisha unakuta umelipia vitu kama unavinunua alafu unavirudisha. Koti nililopewa zipu ilikufa tukiwa kambi ya Horombo, nikashonewa na mgumu mmoja, ndo wanavyoitwa wabeba mizigo, kwa sindano yake, na niliporudi duka lile likanikata hela ya kuharibu koti. Niliumia sana na bado nimeumia.

Kambi ya kwanza, Mandara, nililala vizuri, Horombo sikulala. Kesho yake tulienda mpaka kwenye ile miamba yenye mistari kama punda milia, tukarudi, mwili uzoee hewa. Wagumu wanakupita na mizigo, sheria ya hifadhi inaruhusu mpaka kilo 20, wewe umebeba chupa ya maji tu unahema, na wao wanakwambia pole dada, pole pole. Ukiwaona wanavyofanya kazi utanyamaza na malalamiko yako ya zipu.

Sasa Kibo. Iko mita 4,720, mabweni yana baridi ya kuingia kwenye mifupa, chakula hakishuki, na saa sita usiku mnaamshwa mnaanza kupanda. Changarawe inateleza, unapiga hatua unarudi nusu, mbele unaona taa za vichwani tu zinapanda zigizaga mpaka hujui wapi mlima umeisha na nyota zimeanza. Tulipofika pango la Hans Meyer, zaidi ya mita 5,000, nikakaa chini. Sikuwa naumwa kitu cha kusema ni hiki hapa. Ila kichwani kulikuwa na maneno, yaani yote ya Tabata yalinisubiri pale, mwili mkubwa, mtoto mdogo, unatafuta nini huku, rudi, na yalikuwa na sauti ya kawaida kabisa, sauti yangu mwenyewe, ndo mana niliyaamini. Nikamwambia mwongoza njia, kaka mi naishia hapa, siwezi.

Yeye hakunibembeleza. Hakuniambia unaweza dada, jitahidi, yale maneno ya kwenye mabango. Alichukua fimbo akachora mstari kwenye ile changarawe akaniambia nyanyuka utembee juu yake, kisigino kiguse kidole, kama unapima kiwanja kwa miguu. Nikatembea. Akaniambia rudi. Nikarudi. Akamulika macho yangu, akauliza unakohoa? unaona vizuri? leo siku gani? mtoto umemwacha na nani? Nikajibu. Akasema mia toa saba. Tisini na tatu. Toa tena. Themanini na sita. Toa tena. Sabini na tisa, sabini na mbili, sitini na tano, nikawa nashuka tu mpaka akanisimamisha.

Akasema, "Dada, wewe huumwi. Hapa hewa imepungua, na ikipungua akili inaleta mawazo mabaya, kila mtu yanamjia, hata mimi yananijia. Ukipepesuka kwenye mstari ntakushusha mwenyewe hata ulie. Hujapepesuka. Kunywa maji twende."

Wakati huo huo kwenye kundi letu alikuwepo kijana mmoja, mtu wa jimu, tangu getini yeye ndo wa mbele, anaimba, anatutia moyo. Naye alipimwa. Kwenye mstari akayumba, akajaribu tena akaweka mguu pembeni kabisa, na maneno yake yalikuwa mazito mdomoni, huku anasisitiza niko fiti, niko fiti kaka, twende. Mwongoza njia msaidizi akamshika mkono wakaanza kushuka saa ile ile. Alikuwa anajiamini kuliko sisi wote. Mimi niliyekuwa na uhakika kwamba siwezi ndo nikaambiwa niendelee.

Hilo lilinishtua kuliko baridi. Miaka yote nimekuwa nikijipima kwa jinsi ninavyojisikia. Nikijisikia siwezi, basi siwezi, kesi imefungwa. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kuchora mstari chini akaangalia.

Kutoka pale mpaka Gilman's Point, mita 5,685, sikumbuki vizuri, nakumbuka visigino vya mtu wa mbele na jua likitokea upande wa kilele cha Mawenzi. Kilele cha Uhuru nilifika, mita 5,895, hewa ya kule ni kama nusu ya ile tunayovuta Dar, tukapiga picha, nikalia, vidole havisikii kitu, tukashuka. Kushuka magoti yanaumia kuliko kupanda, hilo hawakwambii.

Yule kijana tulimkuta Horombo, amekula, anaongea vizuri, kichwa kimepoa. Kushuka ndo dawa yenyewe. Nilikaa naye jioni ile akaniambia anajipanga arudi mwakani, safari hii na siku nyingi zaidi za kuzoea. Nilifurahi sana.

Ila mimi kilichonibana kwenye basi la kurudi, tangu Same mpaka Chalinze sikusinzia, ni ile mia toa saba. Kidato cha nne nilipata F ya hesabu, na tangu hapo kila mtu akitaja kozi, akitaja chuo, najibu mi hesabu siwezi. Nimejibu hivo kwa kaka zangu, kwa bosi wangu, kwa mwalimu wa mwanangu. Na dukani natoa chenji kutwa nzima bila kikokotoo, na juu kule, usingizi hakuna, hewa hakuna, nilitoa saba saba bila kukosea. Nani alinipima mara ya mwisho? Nilikuwa binti mdogo, tena mwalimu wa hesabu hatukuwa naye karibu mwaka mzima.

Kwahiyo usajili wa NECTA, baraza la mitihani, ukifunguliwa naingia kama mtahiniwa wa kujitegemea, mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Dada yangu anasema umri umeenda. Nimemwomba anitafutie vitabu vya kidato cha pili kwanza, naanzia kwenye logarithimu maana pale ndo niliacha kunyoosha mkono darasani.