Usiku wa Sadma

Tanga ya utotoni mwangu, mwishoni mwa miaka ya 1980, Sridevi, nyota wa sinema za Kihindi, alikuwa nyoka. Sinema yake ya Nagina ilikuwa imetoka mwaka 1986, na ilipofika mtaani kwetu kila mtoto alijua kukodoa macho na kuinua viganja mfano wa kichwa cha swila, huku mwenzake akijifanya Amrish Puri, mchezesha nyoka wa sinema hiyo, kwa zumari la jani la mpapai. Kwa hiyo jirani mwenye deki aliposema amepata mkanda mwingine wa Sridevi, Sadma, kutoka Dar, sebule ilijaa mapema. Wakubwa kwenye makochi, sisi mkekani, viatu rundo mlangoni.

Nyoka hakutokea. Alitokea msichana aliyepata ajali ya gari, na alipozinduka akili yake ilikuwa imerudi ya mtoto mdogo. Mkalimani alikuwa shangazi yangu, ambaye Kihindi alijifunzia sinema. Msichana alipofikishwa danguroni, shangazi alitutupia jicho sisi wa mkekani, akasema, "Hapo ni nyumba ya wageni," akaendelea.

Kamal Haasan, mwalimu, anamtorosha kutoka huko na kumpeleka kwake Ooty, milimani, anamlea. Hapo ndipo nilipomsahau nyoka. Sridevi alikuwa anacheza na mtoto wa mbwa, ananuna, anabetua midomo, na hukuona mtu mzima anayejidekeza. Hata akina mama waliokuwa wakimenyeana karanga waliacha.

Halafu anapona, na kumbukumbu zote za Ooty zinafutika. Kwenye stesheni Kamal anachechemea kando ya treni, amejitwika chungu kichwani, anaruka kinyani ili amkumbuke. Yeye dirishani anadhani ni kichaa mwenye njaa, anamrushia chakula. Treni inaondoka. Basi.

Sebule haikukubali. Mzee mmoja akasema steringi haachwi hivyo, mkanda umekatwa. Mwenye deki akalazimishwa apeleke mbele, akapeleka, zikabaki chenga tupu. Wakamlaumu yeye. Wengine wakamlaumu Sridevi, hana shukrani. Shangazi akawajibu huku anajifuta macho kwa ncha ya kanga: "Atamshukuru vipi mtu asiyemjua?"

Sifa nyingi za kisa hicho zilimwendea Kamal, aliyepewa tuzo ya taifa ya India kwa toleo la Kitamil la mwaka 1982, Moondram Pirai. Sina ugomvi naye, lakini kazi ngumu ilikuwa dirishani: uso ule ule tuliouzoea, na ndani yake hakuna hata chembe ya yule mtoto.

Ukubwani nilisoma habari za Sridevi. Alizaliwa Tamil Nadu mwaka 1963, akaingia mbele ya kamera ana miaka 4, akaigiza mungu Murugan akiwa mtoto katika Thunaivan. Filamu ya Kimalayalam, Poompatta, ikampa tuzo ya mwigizaji mtoto ya jimbo la Kerala. Halafu mwaka 1976, ana miaka 13, wakampa nafasi ya mwanamke mkubwa katika Moondru Mudichu: mama wa kambo wa Rajinikanth, mwanamume aliyekuwa ameshapita miaka 25. Utoto alikuja kurudishiwa kwenye Sadma, tena kwa mshahara.

Alipofariki Dubai, Februari 2018, nilimpigia simu shangazi. Wiki chache baadaye nikampigia tena kumwambia Sridevi ametunukiwa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Mom, naye keshaaga dunia. Akaguna tu. Nikamhadithia ile ya mama wa kambo.

"Miaka kumi na mitatu? Nani alimwozesha?"

"Ni filamu, shangazi."

"Najua ni filamu," akasema. "Na mtoto naye alikuwa wa filamu?"