Magurudumu ya kuchomoa kwenye kibanda cha chai

Tulipoambiwa vibanda vya kando ya barabara hapa Uyole viwe vinaondoka jioni, wenzangu wengi walihamia kwenye meza na mwavuli. Mimi nauza chai ya maziwa na chapati. Mwezi wa sita na wa saba baridi ya Mbeya haikuachii mteja akae nje, kwa hiyo kibanda nilikuwa nakitaka, tena chenye kuta.

Wazo nililipata kwenye simu, niliona video ya wavuvi wa nchi za baridi wanaovua samaki ziwa likiwa limeganda. Wanavuta vijumba vyao juu ya barafu, wakifika wanavishusha mpaka chini ili upepo usipite chini ya sakafu. Nikasema basi, hicho ndicho nakitaka. Kibanda kilichosimama juu ya magurudumu kutwa nzima kinatikisika kila mtu akiegemea, na upepo wa chini unamaliza mkaa.

Fundi wa kwanza alitaka magurudumu manne mapya. Nilimwacha na hesabu zake. Nilinunua mawili ya toroli, mitumba, yenye mpira wa kujaza upepo, maana yale madogo magumu yanazama kwenye tope la huku. Fundi wa pili, mzee mmoja mpole, alichomelea bomba chini ya sakafu kutoka ubavu hadi ubavu. Kila gurudumu lina kipande chake cha shafti kinachoingia ndani ya bomba hilo, kisha pini inapita katikati. Alisisitiza kipande kiingie ndani kama urefu wa mkono mpaka kiwiko. "Kikiwa kifupi, mama, yatapanua miguu kama ndama aliyezaliwa leo."

Kazi yenyewe hasa ni kujua bomba likae wapi. Tulipakia kila kitu: jiko, ndoo ya maji, sufuria, unga. Tukakisukuma kibanda juu ya gogo la mviringo, mbele na nyuma, mpaka kikakaa bila kulalia upande. Pale tukapiga chaki. Bomba likawekwa nyuma kidogo ya chaki, mbali na mikono ya kuvutia, ili uzito kidogo uje mikononi. Likiwa mbele ya chaki, mikono inainuka juu na kibanda kinakaa kitako.

Kushusha ni rahisi. Nanyanyua ubavu mmoja kwa mti mrefu, binti yangu anasukumia tofali, navuta pini, gurudumu linatoka na shafti yake. Tofali linaondolewa, nahamia ubavu wa pili. Kibanda kinalalia mbao mbili za paini nilizozipaka oili chafu mchwa wasizile. Magurudumu yanaingia chini ya benchi, na pini nazifunga kwa kamba kwenye fremu kwa sababu kitu kidogo cha chuma hapa sokoni hakichelewi kuota miguu.

Shafti nazipaka grisi kila Jumapili. Usipopaka, mvua ikianza zinashika kutu ndani ya bomba na utazigonga kwa nyundo.

Breki hakuna. Kwenye mteremko wa kwenda nyumbani, siku ya utelezi, namwita kijana wa bodaboda ashike kamba nyuma. Malipo yake chai na chapati mbili, na siku hizi ameanza kudai maharage.