Nilivyojaza viti vinne vya bodi ya shule huku nikiwaaga wafanyakazi watatu wa siku nyingi

Kazi hizi mbili huangukia pamoja, mwishoni mwa mwaka wa shule, na kishawishi ni kuziandikia barua moja: juu tunatafuta wajumbe wa bodi, chini tunawashukuru wanaostaafu. Nikiwa katibu, nilizitenganisha kwenye karatasi. Mzazi akishaona jina la karani aliyemwandikisha mtoto wake siku ya kwanza, hasomi tena tarehe ya mwisho ya kurudisha fomu. Utekelezaji ndio niliouunganisha: makabidhiano ya wanaoondoka yakatangulia, likafuata tangazo la bodi, kisha uchaguzi, na hafla ya kuagana ikawa ya mwisho. Anayeondoka baada ya miaka ishirini na kitu ndiye anayejua shule inavuja wapi, na hapo panapovuja ndipo bodi inapohitaji mtu.

Kabla ya yote nilifungua katiba ya shule kwenye kifungu cha akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotosha kukaa kikao. Viti ni 9, na wajumbe 4 walikuwa wanamaliza muda siku moja. Wanabaki 5. Katiba ikihesabu akidi ya zaidi ya nusu kwa viti vilivyojazwa, watu 3 wanatosha kukaa kikao. Ikihesabu kwa viti vyote, akidi ni 5, na mmoja akiugua tu hakuna kikao. Bila kikao hakuna wa kuwapitisha wajumbe wapya, shule imejifungia nje. Yetu ilikuwa ya namna hii ya pili. Kwa hiyo niliweka alama kwenye tarehe ya kikao cha mwisho cha bodi nzima, nikahesabu kurudi nyuma: siku 21 za notisi ya mkutano mkuu, wiki 3 za usaili na ukaguzi, wiki 4 za kutangaza na kupokea fomu. Ni wiki 10, na makabidhiano yalianza wiki 3 kabla ya hapo.

Waliokuwa wanaondoka ni karani wa ofisi, mwalimu wa sayansi mwenye dhamana ya maabara, na fundi wa majengo. Hati ya makabidhiano iliyozoeleka ni orodha ya mali: meza, viti, makabati. Iandaliwe, lakini haikuokoi, kwa sababu meza mtu anaiona. Nilichora jedwali la safu tano: kazi yenyewe, hufanyika lini, nani nje ya shule anahusika, nyaraka ziko wapi, na huharibika vipi. Safu ya tano ndiyo yenye uzito, na mtu haijazi akiwa amekaa. Mkalishe mezani na karatasi, ataandika "hakuna tatizo". Tembea naye. Pamoja na fundi tulizunguka majengo yote kwa saa mbili hivi, simu ikirekodi. Ndipo ikajulikana kwamba vali ya kufunga maji ya jengo la vyoo iko chini ya mfuniko uliofukiwa na udongo, na kwamba inafungwa kwa nusu mzunguko tu. Ukiilazimisha zaidi, mpira wa ndani unakatika na maji hayafungiki tena. Hakuna mchoro unaosema hivyo.

Funguo nazo zina utaratibu wake. Kila ufunguo ujaribiwe mlangoni mbele ya anayepokea, ufungwe kibandiko chenye namba, na namba tu. Ukiandika "stoo ya vitabu" na shada likaanguka njiani, umemchorea mwizi ramani. Maelezo ya namba yabaki kwenye daftari linalofungiwa ofisini.

Kwa karani, kazi kubwa ilikuwa akaunti. Barua pepe ya shule, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi na huduma ya kuwatumia wazazi ujumbe, mara nyingi zote zimefunguliwa kwa namba yake binafsi ya simu, kwa sababu siku ile yeye ndiye aliyekuwepo. Akiondoka, msimbo wa uthibitisho unaendelea kwenda kwake. Akibadilisha laini, hauendi kwa yeyote. Tulikaa tukabadilisha moja baada ya nyingine: kwanza namba ya urejeshaji, pili barua pepe ya urejeshaji, tatu nenosiri, kisha tunatoka na kuingia upya kwa kifaa kingine kuhakikisha. Ukianza na nenosiri na kuishia hapo, mwenye namba ya zamani bado anaweza kuirejesha akaunti, hata bila nia mbaya. Kwenye vitabu vya stakabadhi, andika namba ya mwisho iliyotumika na ya kwanza ambayo haijatumika, na wote wawili watie sahihi pembeni. Mrithi wake akae naye walau mwisho wa mwezi mmoja mzima, maana kufunga hesabu hakufundishiki kwa maelezo ya mdomo.

Maabara ilikuwa na chupa ambazo lebo zimefifia. Kosa la kawaida ni kuzimwaga kwenye sinki ili kabati lionekane safi siku ya makabidhiano. Chupa isiyojulikana hutengwa, hufungiwa, huandikwa kwamba haijulikani, na wanaoshughulikia taka hatarishi huitwa.

Stahili za wanaostaafu zianze mapema kuliko unavyodhani. Kinachokwamisha huwa ni karatasi moja: barua ya kuthibitishwa kazini, au jina lililoandikwa kwa tahajia tofauti kwenye kitambulisho na kwenye faili. Nilifungua mafaili yote matatu siku ya kwanza, si wiki ya hafla. Kumpigia mtu makofi jukwaani wakati madai yake yamekwama kwenye droo ya ofisi ileile ni aibu.

Sasa bodi. Nilichukua ile safu ya tano nikajiuliza ni nani angeyaona matatizo haya kabla ya fundi kuondoka. Kisha jedwali la pili: majina ya wajumbe 5 wanaobaki upande mmoja, ujuzi upande mwingine, yaani fedha, sheria, majengo, elimu, ulinzi wa watoto, tehama, ajira. Kila mjumbe alijipa alama: 0 hajui, 1 anaelewa, 2 amewahi kuifanya kazi hiyo. Mwenyekiti akapitia, kwa sababu watu hujipa 2 kwenye fedha kwa kuwa wana duka. Safu zilizobaki na sifuri tupu zilikuwa majengo na tehama. Ulinzi wa watoto ulikuwa na 1 moja. Elimu ilijaa 2 hadi chini. Bila jedwali tungetafuta mwalimu mstaafu mwingine, maana ndio tunaowajua.

Tangazo lilikuwa ukurasa mmoja. Lisiseme "watu wenye moyo wa kujitolea". Hiyo haimwambii mtu kama ni yeye. Tuliandika: viti 4, ambavyo kimoja ni cha mtu aliyesimamia ujenzi au matengenezo, kimoja cha tehama, kimoja cha ulinzi wa watoto, na kimoja wazi kwa mzazi yeyote. Kisha saa. Vikao 6 kwa mwaka vya saa 2 ni saa 12. Kusoma makabrasha saa 2 kabla ya kila kikao, 12 nyingine. Kamati mara 4 kwa saa moja na nusu, 6. Kutembelea shule mara 3 kwa saa 2, 6. Mafunzo ya kuanzia, saa 4. Jumla saa 40 kwa mwaka, bila malipo. Baadhi ya watu hughairi wakiona hesabu hiyo, na afadhali waghairi sasa kuliko baada ya kikao cha pili.

Sehemu iliyosaidia zaidi ilikuwa ile inayosema mjumbe hafanyi nini: hapangi ratiba ya walimu, hasuluhishi kesi ya mwanawe, hatoi amri kwa mfanyakazi, hauzii shule kitu bila kutamka maslahi yake na kutoka nje wakati jambo linajadiliwa. Kuna wanaokuja kwa ajili ya ugomvi mmoja na mwalimu mmoja, na wapo wanaonusa zabuni ya kupaka rangi. Mistari hiyo minne huwachuja bila kumtaja mtu.

Barua za kupeleka nyumbani na tangazo la getini vilifikisha habari, lakini fomu nyingi zilirudi baada ya kumwomba mtu ana kwa ana. Kwa kila kiti niliwaomba wajumbe wanaobaki wataje watu watatu wasio marafiki wa mkuu wa shule. Mkuu mwenyewe alisaidia kueleza kazi, ila hakuchagua. Bodi ndiyo inayomsimamia, hawezi kujiteulia wasimamizi.

Fomu iliuliza uhusiano na shule, ndugu aliyeajiriwa hapo, biashara yoyote na shule, na wadhamini wawili. Wadhamini hao nilizungumza nao kwa simu. Barua ya udhamini husifu kila mtu; kwenye simu, ukiuliza "aliwahi kukosa kikao bila taarifa?", kimya cha sekunde tatu kinatosha. Ukaguzi wa rekodi kwa watu watakaokuwa karibu na watoto ukamilike kabla ya kiti, hata kama mtu anajulikana na wote.

Usaili ulikuwa wa dakika 25. Badala ya kumuuliza kwa nini anataka, tulimpa ukurasa wa bajeti ya miezi 6 tukamuuliza anaona nini. Fungu la matengenezo lilikuwa limetumika kwa asilimia 70, fungu la vitabu asilimia 15. Anayefaa haulizwi mara mbili: atataka kujua kama kuna dharura iliyotokea, au kama vitabu hununuliwa kwa mkupuo baadaye. Asiyefaa hutafuta wa kulaumu kabla hajauliza. Wa tatu husema mahesabu si fani yake, na huyo usimwondoe haraka. Mtazame anavyosikiliza mwenzake akieleza.

Kwenye kura, kosa nililoliona mapema ni namba kwenye karatasi za kura. Namba ikiwa kwenye kura yenyewe na jina la mpiga kura liko kwenye orodha, hakuna siri tena. Namba ibaki kwenye kishina, kile kipande kinachobaki kitabuni kura ikichanwa; kura iwe na mhuri tu. Hesabu karatasi zilizotolewa, zilizorudi na zilizoharibika, na jumla zilingane kabla ya kutangaza chochote. Mashahidi wawili wasio wagombea watie sahihi, kisha bahasha ifungwe hadi muda wa malalamiko upite. Ili wote wanne wasiondoke tena siku moja, tulichezesha bahati nasibu ya mihula: wawili miaka 3, mmoja 2, mmoja 1. Hilo lazima liruhusiwe na katiba. Yetu ilihitaji azimio kwanza.

Watia sahihi wa benki husahaulika. Mjumbe anayeondoka hubaki kwenye akaunti miezi kadhaa kwa sababu hakuna aliyepeleka dondoo la muhtasari lenye azimio. Liandikwe kikao kilekile, na lipelekwe kesho yake.

Hafla tuliiweka wiki moja kabla ya kufunga shule. Siku ya kufunga, wanafunzi akili ziko njiani na walimu wanamalizia alama. Sikuichanganya na mkutano mkuu: aliyeshindwa kura saa nne hawezi kuimba saa sita. Ratiba ilikuwa ya dakika 90. Kila anayeagwa alipata 15: msemaji mmoja dakika 4, mwanafunzi 3, yeye mwenyewe 6, zawadi na picha 2. Watatu ni 45. Ufunguzi 5, mwenyekiti 5, nyimbo 10, kufunga 5. Inabaki 20 ya kumezwa na ucheleweshaji, na ilimezwa yote.

Msemaji kwa kila mtu alikuwa aliyefanya naye kazi, si mkubwa wake, na nilimwomba mambo matatu yanayoweza kuonekana kwa macho. "Alikuwa nguzo ya shule" ni maneno ya mtu asiyemjua. "Kila Jumatatu alijaribu kengele dakika kumi kabla yetu kufika" ni ya aliyekuwepo. Fundi alisema hapendi kupanda jukwaani. Tulimuaga palepale karakana, na dakika zake zikawa fupi kuliko za wengine bila mtu kulalamika. Muulize mtu kwanza.

Vyeti vilikaguliwa na wenyewe kabla ya kuchapwa. Faili lilimpa karani miaka 24. Yeye alihesabu 27, kwa sababu miaka 3 ya mwanzo alikuwa kibarua bila barua ya ajira. Malipo hufuata faili, lakini cheti cha shukrani si hati ya malipo: kiliandikwa 27. Zawadi tuliipima kwa miaka ya utumishi, si kwa cheo, na orodha ya waliochanga haikubandikwa ukutani.

Swali lililorudi mara tatu ni kwa nini karani asipewe kimoja cha viti vinne. Tulikubaliana mwaka mmoja upite kwanza. Angekaa juu ya aliyekuwa bosi wake, na mrithi wake asingethubutu kuhamisha hata kabati. Ushauri anaweza kutoa kwa simu, akiulizwa.

Kikao cha kwanza cha wajumbe wapya hakikuanza na hotuba. Kila mmoja alipewa lile jedwali la safu tano, na visanduku vilivyobaki wazi vimepakwa njano. Wa majengo alianza na mstari wa funguo: namba 31, 32 na 38, mlango haujapatikana.