Msimu wa michezo mitatu Ngamiani: tulipofika

Msimu wetu wa mwaka huu una michezo ya kuigiza mitatu. Miwili imeshaonyeshwa, wa tatu uko mazoezini na ndio unaotunyima usingizi. Kikundi ni cha watu wa kawaida wa Tanga: mafundi cherehani, dereva wa bajaji, walimu wa msingi, mama lishe mmoja mwenye sauti ya kuita watu toka stendi, na vijana waliomaliza kidato cha nne wanaosubiri mambo yao yakae sawa. Hakuna anayelipwa. Kazi yangu mimi ni jukwaa, yaani taa, vifaa, maleba, na kwenda kumwarifu mwenyekiti wa mtaa kwamba usiku huo kutakuwa na kelele.

Michezo tuliichagua kwa kubishana. Mwongozaji wetu alitaka Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ile iliyochapishwa mwaka 1969, kwa sababu kila mtu aliyesoma sekondari ameisikia na wachache sana wameiona ikichezwa. Kina mama wakataka kitu cha kuchekesha, ndipo ikaja Hawala ya Fedha ya Amandina Lihamba, ya mwaka 1980, aliyoitengeneza kutokana na Mandabi ya Sembène Ousmane wa Senegali. Wa tatu tukakubaliana tuutunge wenyewe, uhusu mkonge, maana huwezi kuwa kikundi cha Tanga ukapita pembeni ya mkonge. Tulipoiweka mitatu pamoja tukaona ina mshipa mmoja: mtu anafanya kazi, halafu kuna mwingine mwenye daftari anayeamua kama kazi ile imefanyika au haikufanyika.

Barua za kuomba idhini ya kuigiza tuliziandika mapema, na afisa utamaduni tulimwona kabla ya kubandika tangazo hata moja. Anayeanza kikundi aanzie hapo, asisubiri hadi wiki ya onyesho.

Kinjeketile, ukumbini

Tulianzia ukumbi wa kukodi, viti vya plastiki kwa mistari, pazia, watazamaji gizani. Mchezo wenyewe ulikwenda vizuri. Mwanzo wake unasaidia sana kikundi kidogo: wanawake wawili wanazungumzia njaa na shida ya chakula, mashamba yao yakiwa hayana wa kuyashughulikia kwa sababu wanaume wamesukumwa kwenye pamba ya Mjerumani. Huhitaji kifaa zaidi ya ungo na kinu. Dada aliyecheza Bibi Kinjeketile alipepeta mahindi ya kweli, na sauti ya ungo ilifika mpaka nyuma.

Kwa upande wangu tatizo lilikuwa maji. Watu wanajua kwamba Kinjeketile wa Ngarambe aliaminika kuingiwa na pepo Hongo na kugawa dawa ya maji, na kwamba Vita vya Majimaji vilipoanza mwaka 1905 huko Umatumbini watu waling'oa kwanza pamba. Lakini jukwaani, mtu anayetoka mtoni umlowanishe kwa kiasi gani? Ukimmwagia ndoo nzima, sakafu ya saruji inateleza na anayefuata anaanguka. Usipommwagia, watoto wa mbele wanasema kwa sauti, "Mbona mkavu?" Tukamlowanisha kichwa na mabega tu, tukampaka mafuta ya nazi mikononi na kifuani, halafu taa moja ikapigwa kutoka ubavuni. Mafuta yanameta kuliko maji yenyewe, na hayachirizi.

Mwisho, pale anapotakiwa gerezani akiri kwamba maji ni uongo na yeye anakataa, ukumbi ulinyamaza kabisa. Mwongozaji alifurahi, akasema wameguswa. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nikawa na mashaka. Watu wa Tanga wakiguswa hawanyamazi. Nenda kwenye taarabu uone: mtu anainuka, anacheza hadi mbele, anamtunza mwimbaji, anarudi kukaa. Huu ndio mji wa Black Star na Lucky Star, vile vikundi vya taarabu, watu wamekuzwa hivyo. Pale ukumbini walikaa kama wako kwenye mkutano wa wazazi. Wengi waliniambia baadaye kwamba walidhani hairuhusiwi kusema kitu.

Na hesabu haikutoka. Kukodi viti na ukumbi kulikula kiingilio chote, tukadaiwa na mwenye jenereta.

Hawala ya Fedha, uani

Kwa hiyo mchezo wa pili tuliuhamishia uani, nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, Ngamiani. Mikeka na majamvi mbele, mabenchi nyuma, wanaume wanaosimama wakaegemea ukuta. Jukwaa ni ardhi yenyewe, watazamaji wamezunguka pande tatu. Tulianza baada ya sala ya isha ili kusiwe na anayelazimika kuchagua, na mlangoni palikaa bakuli badala ya kiingilio.

Wazo hili si jipya hata kidogo. Wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama na Amandina Lihamba wakiwemo, walikuwa wakifanya maigizo na wanakijiji katikati ya uwanja tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, kule Malya mkoani Mwanza na kwingineko. Sisi tulikuwa tunalijua kwa kulisoma. Kulifanya ni shughuli nyingine. Kwanza, mwigizaji hana pa kujificha. Akitoka kwenye igizo anakwenda kukaa na watu mkekani, na mtoto anamshika gauni. Pili, sauti inatawanyika, kwa hiyo mistari yote ya pembeni iliyosemwa kwa kunong'ona ilibidi isemwe ukimtazama mtazamaji usoni. Hiyo ikageuka kuwa faida, kwa sababu mtazamaji akitazamwa usoni hujibu.

Hadithi yenyewe ni ya mtu aliyeletewa hawala na jamaa yake aliye nje ya nchi, akashindwa kuitoa kwa sababu hana karatasi zinazotakiwa. Tulihofu kwamba vijana wa leo, wanaotoa pesa kwenye simu kwa kubonyeza namba, wangeona ni mambo ya kale. Wapi! Tangu laini zisajiliwe kwa alama za vidole, kila mtu ana kisa chake cha kidole kisichosoma. Bibi mmoja mkulima aliwainulia wenzake vidole gumba vyake viwili huku mhusika akihangaika dirishani, na upande ule wote wa mkeka ukaangua kicheko.

Lakini kilichobadilisha msimu ni hiki. Katikati ya mchezo mhusika yule mzee anahesabu madeni yake kwa sauti. Mama mmoja akanyanyuka kutoka nyuma, akaja taratibu kwa mwendo wa taarabu, khanga mabegani, akamwekea noti ya elfu tano kifuani. Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. Mwigizaji, ambaye kwa kawaida ni dereva wa bajaji, aliitazama ile noti, akaigeuza upande huu na upande huu, kisha akamuuliza yule mama kwa unyenyekevu wote: "Shangazi, hii haitaki kitambulisho?"

Nadhani tungemwandikia mstari huo kwa miezi tusingeupata.

Baada ya onyesho tulizozana mpaka usiku wa manane. Mwongozaji alisema kutunza kunavunja mchezo, na leo ni elfu tano kwa mzee masikini, kesho atatunzwa Mjerumani wa mwaka 1905 kwa noti ya Benki Kuu. Fundi cherehani wetu mkubwa akasema mchezo haukuvunjika, uliendelea kwa mguu mwingine. Niko upande wa fundi, ingawa naielewa hofu ya mwongozaji. Tulichokubaliana ni kwamba kwenye vichekesho kutunza kunaruhusiwa muda wote na mwigizaji lazima ajibu akiwa bado ndani ya mhusika wake. Kwenye mchezo mzito, mshereheshaji ataomba mapema tuzo zingoje mwisho. Bakuli la mlangoni liliingiza kidogo. Zilizotunzwa zililipa deni la jenereta, na kikabaki cha kununulia vitambaa.

Mkonge, sasa hivi

Mchezo wa tatu hauna kitabu. Tunautunga kwa kwenda kukaa na wazee waliokulia au kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Muheza na Korogwe, kusikiliza, kurudi, kujaribu, kwenda tena kuwaonyesha. Mwanzo tumeshaupata: mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika hai na kupandwa Kikogwe, Pangani, ilikuwa 62 tu. Tunawaingiza watoto mmoja mmoja, kila mmoja na jani lake, wakihesabu. Ikifika sitini na mbili ngoma inapigwa, na kutoka hapo ni manamba, vibarua wa mashamba: watu kutoka Kigoma, Rungwe, Msumbiji na Burundi, wengine wakiletwa na SILABU, ile ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua iliyoanza mwaka 1944. Kilele cha uzalishaji, mwaka 1964, zaidi ya tani 230,000, tunakionyesha kwa kamba inayovutwa kuzunguka watazamaji wote mpaka wanabanana. Kisha inakuja nailoni kuchukua nafasi ya mkonge, na kamba inaachiwa.

Kipande ndicho kimekuwa moyo wa mchezo. Ile kadi yenye miraba 30, unamaliza kazi ya siku unawekewa alama, zikitimia 30 ndipo unalipwa. Nimetengeneza vipande vikubwa vya manila ili vionekane kutoka nyuma. Mwigizaji anavaa chake shingoni kwa uzi wa mkonge, na nyapara anapita na mkaa. Siku ambayo nyapara anapita bila kuchora chochote, mwigizaji hasemi neno. Kwenye mazoezi, mama lishe wetu alimrushia nyapara mwiko.

Mazoezi yaliyonifunza kuliko yote ni ya kufunga mzigo. Kijana wetu alikuwa anakata jani la kuigiza, anaweka, anakata, anaweka, anafunga. Mzee mmoja aliyewahi kuwa mkataji alimtazama kwa muda, akamwita.

"Mjukuu wangu, njoo. Majani mangapi hayo?"

"Sijahesabu, babu."

"Basi na nyapara hajakuhesabia."

Akamwonyesha. Ncha inakatwa kwanza, ile miiba ya mwishoni, la sivyo unamtoboa jicho anayefuata. Majani thelathini kwa mzigo, mikia upande mmoja, goti juu yake, na unafungia kwa mkonge wenyewe. Alifanya yote haya mikono mitupu, hewani, bila jani hata moja, na sote tuliona mzigo. Mwongozaji akafuta maigizo ya majani ya maboksi niliyokuwa nimekesha nayo. Sawa tu, yalikuwa yanachubuka rangi. Majani halisi tutayatumia kwa watoto wa mwanzo peke yao, tena yaliyokatwa ncha na kukaushwa, maana utomvu wake unawasha.

Yaliyobaki: wimbo wa wanawake wa kambini, ambao bibi wawili tuliowauliza wanaukumbuka kwa maneno tofauti, na nadhani tutaziimba zote mbili. Karabai mbili tumeshapata za kuazima, inahitajika ya tatu, kwani onyesho litakuwa kule kule kambini kwenye mkonge, na hatutaki kutegemea umeme. Na nyapara. Hakuna aliyetaka kuwa nyapara baada ya ule mwiko. Dereva wa bajaji amekubali, kwa sharti kwamba onyesho la kambini lisiangukie siku ya gulio, siku yake ya kupata abiria. Mwenyekiti wa kambi ameahidi kutupa tarehe mbili tuchague.