Kiganja

Juni 2024 nilikuwa Morogoro kwa dada yangu, nimelala sebuleni kwenye godoro la wageni. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa mbili usiku na simu yangu imebaki na chaji asilimia 41. Humo kwenye simu kulikuwa na riwaya niliyoisubiri kwa hamu, The Sunshine Court ya Nora Sakavic, iliyotoka Aprili mwaka huo, karibu miaka kumi baada ya kitabu cha tatu cha mfululizo wake.

Kwa ambaye hajavisoma: vitabu vile vinahusu mchezo wa kubuni unaoitwa Exy. Wanaucheza wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani, kwa fimbo zenye wavu kichwani, ndani ya uwanja uliozungushiwa kuta, na rafu zake si za kawaida. Katika vitatu vya mwanzo, Jean Moreau ni mtu wa pembeni. Ni Mfaransa wa Marseille, beki wa timu ya Ravens, anaishi na wenzake chini ya ardhi, ana tatuu ya namba 3 shavuni, na anateswa. Kitabu cha tatu kinafika mwisho akiwa ametolewa kule hoi. Hiki cha nne kinampokea hapo hapo na kumpeleka Los Angeles, kwa timu ya Trojans, watu wanaosifika kwa ustaarabu uwanjani, ambao nahodha wao ni kijana mmoja mchangamfu, Jeremy Knox.

Sehemu za mateso nilizisoma jicho kavu. Nilijua zinakuja. Zilizonishinda ni sehemu za wema.

Kule Ravens wachezaji walipangwa wawili wawili, kosa la mmoja ni la wote wawili. Kwa hiyo Jean anafika kwa watu wanaomkaribisha jikoni, wanaomuuliza anapenda kula nini, na yeye bado anatafuta kujua pacha wake ni nani na atapigwa saa ngapi. Kila akikosea anangoja adhabu. Haiji. Na kadiri isivyokuja ndivyo anavyozidi kuogopa. Nilipofika hapo nikaizima simu, nikaiweka kifuani, nikatazama giza.

Mwaka 2009 nilikuwa kidato cha pili, nacheza GD, yaani beki, kwenye timu ya netiboli ya shule yetu ya bweni. Dada alikuwa kidato cha nne, GK, mlinda goli, nyuma yangu. Asubuhi ya mechi ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, nilivunjika kidole cha pete mazoezini. Mwalimu wetu wa michezo alikiangalia, akanifunga plasta pamoja na kidole cha jirani, akasema nitacheza. Robo ya nne mpira ulinichomoka mara mbili na tukafungwa. Jioni akatupigisha magoti wote saba kwenye kokoto. Mimi akaniita mbele, akaniambia ninyooshe mkono ule ule. Fimbo sita kiganjani. Plasta ilikuwa bado ipo.

Miaka mitatu baadaye nikaingia chuo, wasichana wa netiboli wakanibembeleza nijiunge nao. Siku ya kwanza ya mazoezi mpira ukaniponyoka. Kabla sijawaza chochote nilikuwa nimeshasimama wima, mkono mbele, kiganja juu, macho chini. Uwanja ukawa kimya. Nahodha akaja taratibu, akauweka mpira juu ya kile kiganja, akasema, "Twende, mama, rusha."

Wiki mbili baadaye niliacha. Niliwaambia masomo yamenibana, na kwa miaka yote ile nami niliamini hivyo. Nikiwa pale sebuleni, nimemwacha Jean katikati ya ukurasa akiwa kwa watu wasiomgusa hata kwa ukucha, ndipo nilipojua niliwakimbia wale wasichana. Kule shuleni nilijua fimbo ni sita. Kwa hawa sikujua hata nihesabu nini.

Dada alitoka chumbani kwenda kunywa maji, akanimulika na tochi.

"Wewe, saa nane hii hujalala? Unalia nini?"

"Nasoma, dada."

"Unasoma nini cha kuliza mtu usiku?"

Nilimweleza kwa kifupi. Akavuta kigoda akakaa, kikombe mkononi. Halafu, bila kuniuliza, akaushika mkono wangu wa kulia na kukipapasa kile kidole, pale kwenye kifundo ambacho mpaka leo hakinyooki sawasawa. Usiku ule wa 2009 ni yeye aliyenikanda kwa maji ya moto kwenye beseni la kufulia, mlango wa bweni umefungwa. Hatujawahi kulizungumza, hata mara moja.

"Mimi nilikuona ulipotoka mbele," akasema. "Nilisema moyoni nisimame niseme kimevunjika. Magoti yakakataa kunyanyuka, mdogo wangu."

Sikuwa na jibu. Nikaiwasha simu. Akaniambia nimsomee kwa Kiswahili, maana Kiingereza cha riwaya kinamchosha, nikawa natafsiri sentensi moja moja, nyingine nazikosea narudi nyuma. Kila Jean alipoharibu kitu, dada alinikatiza.

"Na hapo hawakumpiga?"

"Hawakumpiga."

"Hata kocha?"

"Hata kocha."

Chaji ilipofika asilimia 4 nilimwambia basi, tulale, tutaendelea kesho. Aliinuka bila kusema kitu akaingia chumbani. Nikasikia droo ikifunguliwa. Alirudi na pawa benki yake, ile asiyokubali hata wanawe waiguse, akaichomeka mwenyewe kwenye simu yangu na kukaa tena kwenye kigoda.